Deni la Mama Hulipika

Miongoni mwa kauli zinazopokewa bila kuhojiwa katika jamii za Afrika Mashariki ni ile isemayo kwamba fadhila za mama hazilipiki. Kauli hiyo husikika katika hotuba za misikitini na mahubiri ya makanisani, katika nasaha wanazopewa maharusi, na katika salamu zinazotumwa kwa simu inapofika Jumapili ya pili ya Mei, ambayo ni Siku ya Mama. Na husikika kwa sauti kubwa zaidi mazikoni, pale ambapo mama hawezi tena kunufaika na lolote linalosemwa juu yake. Ikitazamwa juujuu, hiyo ni sifa ipitayo sifa zote, kwa kuwa humpandisha mama hadi mahali ambapo malipo ya binadamu hayafiki. Lakini deni linalotangazwa kuwa halilipiki ni deni ambalo mdaiwa amekwisha kujisamehe, na mwenye kudai hana tena mlango wa kubisha. Makala haya yanaipinga kauli hiyo moja kwa moja. Yanashikilia kwamba deni la mama hulipika, kwamba sehemu yake kubwa hulipwa kwa mambo yanayoonekana na kuhesabika, na kwamba wadaiwa si watoto peke yao, bali ni pamoja na waume, koo na dola.

Mtazamo unaopingwa hapa unaweza kuitwa itikadi ya mama kafara, yaani imani kwamba umama kwa asili yake ni kujitoa mhanga, na kwamba anayejitoa mhanga hastahili kudai chochote, kwa sababu akidai ameitia doa sadaka yake. Itikadi hiyo imesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni dai kwamba kulea ni maumbile ya mwanamke, wala si kazi. Ya pili ni dai kwamba thamani ya mama hupimwa kwa mateso aliyoyavumilia. Na ya tatu ni dai kwamba shukrani ni jambo la moyo wa mtoto, lisilofaa kuingiliwa na sheria wala hesabu. Kila nguzo inafaa ichunguzwe peke yake, kwa kuwa kila moja ina ukweli kiasi, na ukweli huo mdogo ndio unaoyapitisha makosa makubwa yaliyofungamana nao.

Hakuna anayekana kwamba mimba, uzazi na kunyonyesha ni mambo ya maumbile. Hata hivyo, wahenga waliosema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, walikwisha kutenganisha mambo mawili ambayo itikadi ya mama kafara huyachanganya, nayo ni tukio la mwilini, ambalo huisha kwa miezi 9, na ulezi, ambao huendelea kwa miaka mingi na huhitaji maarifa. Mama anayemgusa mtoto shingoni akatambua kwamba homa ile si ya kungojea asubuhi, anayejua chakula cha kumrudishia siha mtoto aliyedhoofu baada ya kuachishwa ziwa, anayepima unga uliobaki hadi ukafika mwisho wa mwezi, na anayemfunza mwanawe lugha, adabu na namna ya kuomba radhi, hakuzaliwa akiyajua hayo. Ameyapata kwa mama yake, kwa mashangazi, kwa wakunga na wauguzi wa kliniki, na kwa majaribio yake mwenyewe. Ushahidi ulio wazi zaidi ni kwamba ulezi uleule hufanywa na watu ambao hawakumzaa mtoto: mama mkubwa, mama mdogo, na bibi aliyeachiwa wajukuu katika miaka ambayo UKIMWI uliwaondoa wazazi vijana wengi katika mkoa wa Kagera. Kama ulezi ungetoka tumboni tu, mayatima wale wasingelelewa na mtu yeyote. Walilelewa kwa sababu kulea ni kazi, na kazi ina mfanyaji, ina muda, ina gharama, na ina stahili zake.

Fasihi ya Kiswahili nayo inatoa ushahidi wake. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha, naye mama wakati huo alikuwa mgonjwa. Wasomaji wa leo wana haki ya kutokubaliana na baadhi ya mafundisho ya utenzi huo, hasa yale yanayohusu utiifu wa mke, lakini hawawezi kukana kwamba mama anayesema ndani yake hajengi mamlaka yake juu ya uchungu wa uzazi. Anayajenga juu ya elimu, juu ya maisha aliyoyapitia, na juu ya uamuzi wake mwenyewe kuhusu yale ambayo binti yake anapaswa kuyajua kabla hajabaki peke yake. Anayemshukuru mama wa namna hiyo kwa kuwa aliumia tu, akasahau kwamba alifikiri na kufundisha, amemshukuru nusu.

Nguzo ya pili, ile ya mateso, ina madhara makubwa zaidi, kwa sababu hugeuza maumivu yanayoweza kuondolewa kuwa pambo la kusifiwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wanawake vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika kipindi hichohicho, uzazi unaofanyika katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Takwimu hizo ni makadirio, lakini mwelekeo wake unatosha kuivunja hoja nzima ya mateso. Wanawake waliojifungua mwaka 2022 hawakuwa na maumbile tofauti na ya waliojifungua miaka 7 kabla yao. Kilichobadilika ni kile walichokikuta walipofika kujifungua. Mama hufa kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kifafa cha mimba, kwa maambukizi na kwa uchungu pingamizi, yaani uchungu ambao mtoto hawezi kupita bila msaada. Na dawa ya mambo hayo ni damu salama iliyo tayari, dawa ya kuzuia damu kutoka, kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, mkunga mwenye ujuzi, na gari linalofika usiku. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachopatikana kwa sifa. Kila chupa ya damu iliyotolewa na kila kituo kilichowekewa chumba cha upasuaji ni sehemu ya deni iliyolipwa, tena kwa namna ambayo mama aliye hai anaiona.

Kwa upande mwingine, jamii inayosifu uchungu wa uzazi haikuona taabu kwa miaka mingi kumfukuza shule msichana aliyeupata uchungu huohuo. Nchini Tanzania, mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa katika shule ya serikali na hakuruhusiwa kurudi katika mfumo wa kawaida, mpaka Wizara ya Elimu ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana hao wanaweza kurejea masomoni baada ya kujifungua. Ikiwa umama ni utukufu kwa asili yake, kama itikadi ya mama kafara inavyodai, basi kumnyima elimu aliyeingia katika utukufu huo kusingepata mtetezi. Ukweli ni kwamba kilichokuwa kikisifiwa si umama wenyewe, bali ni umama usiodai kitu. Na msichana aliyehitaji dawati, vitabu na mtu wa kumshikia mtoto alikuwa anadai.

Nguzo ya tatu ndiyo kiini cha mjadala huu, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa nzuri kuliko zote. Inasema kwamba mama hana haja ya haki iliyoandikwa, kwa kuwa ana watoto, na watoto wema hawamsahau mama yao. Dai hilo halikubaki katika methali na nyimbo. Liliingizwa katika sheria. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoratibu sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba katika Tanganyika, lina kanuni ya 27 katika sehemu ya urithi, inayoeleza kwamba mjane hana fungu katika mali ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao. Ni vigumu kuipata kanuni inayoonyesha kwa ufasaha zaidi namna shukrani inavyoweza kutumiwa dhidi ya mwenye kushukuriwa. Nyumba aliyoikandika, shamba alilolilima na mifugo aliyoichunga huenda kwa ndugu wa mume au kwa wanawe, naye huachiwa hisani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikiri kwamba kanuni za namna hiyo zinabagua, lakini ilikataa kuzifuta. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kwamba haki zao zilikiukwa.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kwamba inaimarisha familia, kwa kuwa inawakumbusha watoto wajibu wao. Matokeo yake ni kinyume. Mjane ambaye watoto wake ni wadogo hana wa kumtunza, bali ana wa kuwatunza. Ambaye watoto wake ni maskini hutunzwa kwa umaskini wao. Ambaye hakujaaliwa mtoto hana fungu hata la maneno. Na ambaye watoto wake wana uwezo hulazimika kuishi kwa kuwapendeza, akinyamaza anapokosewa na kupima kila neno mbele ya mwana na mkwe, kwa kuwa paa linalomfunika si lake. Mama aliyekuwa mwenye nyumba hugeuka mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga. Watoto nao hawapati nafasi ya kushukuru kwa hiari, kwa sababu kila wanachompa kimekwisha kuwa badala ya haki aliyonyang'anywa. Shukrani ya kweli huanza pale haki inapokuwa imetimizwa, kwa maana mtu hawezi kumfadhili mwingine kwa mali ya huyo huyo anayefadhiliwa.

Mfano wa kinyume unapatikana katika historia ya mahakama za Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu, katika kifungu chake cha 114, mali iliyochumwa kwa juhudi ya pamoja igawanywe ndoa inapovunjika, lakini majaji walitofautiana kuhusu kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kuchuma mali. Wapo waliosema kwamba mke afanyaye hayo anatimiza tu wajibu wake wa ndoa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliukataa mtazamo huo na kuamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaopaswa kuhesabiwa, ijapokuwa mrufani mwenyewe hakupata fungu kwa sababu nyinginezo za shauri lake. Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ilitaja waziwazi kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango. Hakuna ushahidi kwamba maamuzi hayo yalipunguza mapenzi ya mama yeyote kwa wanawe. Yalichofanya ni kumwondoa mama katika orodha ya waliosaidia na kumweka katika orodha ya waliochuma.

Wapo wanaodai kwamba hoja hizi ni za kigeni na zinapingana na dini. Dai hilo halisimami mbele ya maandiko ambayo wahubiri wenyewe huyategemea. Kurani inamwamrisha mtu amshukuru Mungu na wazazi wake, ikikumbusha udhaifu juu ya udhaifu ambao mama alimbeba nao. Lakini haiishii kwenye hisia. Katika sura ya pili inaweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na katika sura ya nne inamfanya mama kuwa mrithi wa mwanawe kwa kiwango maalumu, ambacho ni sudusi, yaani moja ya sita, ikiwa marehemu ameacha mtoto, au thuluthi, yaani moja ya tatu, ikiwa hakuacha mtoto wala ndugu. Mjane naye ana fungu lake la thumuni au robo. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Yesu anawakemea waliokwepa kuwasaidia wazazi wao kwa kutangaza kwamba mali yao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Kwake yeye, amri ya kuwaheshimu baba na mama ilikuwa imevunjwa na watu waliokuwa wakiisifu kwa midomo. Maandiko hayo yote mawili yanamtambua mama kuwa ni mtu mwenye stahili, wala hayamwachi kuwa kafara.

Mila nazo, kabla hazijafungwa katika tangazo la mwaka 1963, zilikuwa na sura nyingi zaidi ya moja. Miongoni mwa Waluguru wa Morogoro, ardhi hufuata ukoo wa mama, na mfumo wa ukoo wa mama unapatikana pia kwa Wamakonde na Wamwera wa kusini. Katika ndoa za pwani, mama wa bibi harusi hupewa mkaja, ambao ni fedha au nguo itolewayo na upande wa bwana harusi kwa kukumbuka kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kumzaa binti huyo. Mzazi, kwa maana ya mwanamke aliyetoka kujifungua, hupumzishwa siku 40, huku wengine wakimpikia na kumfulia. Na kwa Wachaga hupikiwa mtori, chakula cha ndizi na nyama cha kumrudishia nguvu. Waliozianzisha desturi hizo walijua kwamba kuzaa kunagharimu na kwamba gharama hiyo hubebwa na watu wengine kwa zamu, kwa majina na kwa vipimo. Anayesema kwamba kulipa ni jambo la wageni hajazisoma mila anazozitetea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mapenzi yakihesabiwa huharibika, na kwamba mama akipewa haki badala ya hisani, umama utakuwa biashara. Pingamizi hilo linachanganya kulipwa na kununuliwa. Mwalimu hupokea mshahara na hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo hawapendi wanafunzi wake. Ila asipolipwa hulazimika kuliacha darasa akatafute riziki. Hali kadhalika, mama mwenye fungu lake katika ardhi, mwenye likizo ya uzazi yenye malipo na mwenye akiba ya uzeeni hapendi kidogo kuliko mama asiye navyo. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza anaweza kupenda bila hofu ya kesho.

Pingamizi jingine ni la wale walioumizwa na mama zao, walioachwa au kuteswa, wanaouliza kwa nini wadaiwe shukrani wasiyoihisi. Itikadi ya mama kafara haina jibu kwao isipokuwa kuwatia hatiani, kwa kuwa imefanya kila mama kuwa mtakatifu. Mtazamo wa haki una jibu la kiungwana zaidi: mapenzi na heshima ya moyoni hupatikana kwa malezi mema na hayalazimishwi kwa mtu, ilhali matibabu ya mjamzito, fungu la mjane na posho ya mzee ni stahili zisizotegemea moyo wa mtoto fulani. Kwa njia hiyo mama hulindwa, na mtoto aliyeumizwa hatakiwi kusema uongo.

Inafaa kukumbusha kwamba hata Siku ya Mama yenyewe haikuanzia kwenye zawadi. Ann Reeves Jarvis wa West Virginia, nchini Marekani, aliunda vikundi vya akina mama vya kupambana na uchafu na maradhi yaliyokuwa yakiua watoto katika karne ya 19. Binti yake, Anna Jarvis, ndiye aliyehimiza siku hiyo, ikaadhimishwa mwaka 1908 na kutangazwa rasmi na Rais Woodrow Wilson mwaka 1914. Na ni yeye huyo aliyetumia miaka ya mwisho ya maisha yake akiipinga ilipogeuzwa soko la kadi na maua. Alifariki mwaka 1948, siku aliyoianzisha ikiwa imeshinda na makusudio yake yakiwa yameshindwa.

Malipo yenyewe yanajulikana na kwa sehemu yamekwisha kuanza. Mwaka 2016 Zanzibar ilianzisha pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Na Kenya ikaweka mpango unaofanana na huo kwa wazee wake mwaka 2018. Mipango ya namna hiyo humfaa hasa mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote bila jina lake kuingia katika orodha ya mishahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, huku baba akipewa siku 3, kana kwamba mtoto ana mzazi mmoja na mgeni mmoja. Na wanawake walio wengi, wanaolima au kuuza sokoni, hawafikiwi na likizo hiyo kabisa.

Kwa hiyo bunge lifute kanuni ya 27 na kumpa mjane fungu lake, na waajiri na watunga sheria waongeze siku za baba na kuwafikia wakulima na wachuuzi. Waume waandike majina ya wake zao katika hati za viwanja na mashamba wakiwa hai. Watoto, wa kiume sawa na wa kike, wakae wagawane kwa kiasi kinachojulikana matunzo ya mama yao, badala ya kumwachia binti mmoja aliyebaki nyumbani. Na kila anayetaka kusema kwamba fadhila za mama hazilipiki, na aseme baada ya kulipa zile zinazolipika.